Picha ya MRI Ihakikiwe Mgonjwa Angali Mezani

Hospitali inapopata mashine ya MRI, habari huenea upesi. Utepe hukatwa, viongozi hupigwa picha mbele ya mlango mpya, na wananchi huambiwa kwamba zile safari ndefu za kukifuata kipimo hicho katika mji mwingine zimekwisha. Furaha hiyo ni ya haki, kwa kuwa mashine ya namna hiyo hugharimu mabilioni ya shilingi na huhitaji chumba cha pekee, umeme wa uhakika na matengenezo yasiyokoma. Lakini katika hotuba za siku hiyo kuna mtu mmoja anayetajwa kwa nadra. Huyo ni mteknolojia wa radiolojia atakayeketi nyuma ya kioo, atakayemlaza mgonjwa, kuchagua pembe za picha, na hatimaye kuamua kwamba kazi imekamilika na mgonjwa anaweza kwenda kuvaa nguo zake.

Uamuzi huo wa mwisho ndio unaobeba thamani ya mashine nzima. Mgonjwa akishateremka mezani na kuondoka, picha mbovu haina dawa. Daktari bingwa wa radiolojia, hata awe hodari wa namna gani, hawezi kusoma kile ambacho hakikupigwa. Kwa hiyo mafunzo ya mteknolojia hayana budi kuunganisha mambo mawili ambayo mara nyingi hutenganishwa: kupiga picha za MRI za mwili, na kuzihakiki papo hapo. Mafunzo yanayoishia katika kubonyeza vitufe kwa kufuata orodha iliyoachwa na mwuzaji wa mashine ni nusu ya mafunzo, na nusu hiyo huweza kumdhuru mgonjwa kwa namna ambayo hataijua kamwe.

MRI haitumii mionzi kama eksirei au CT. Hutumia sumaku yenye nguvu kubwa pamoja na mawimbi ya redio, ambayo huziamsha protoni za haidrojeni zilizojaa katika maji na mafuta ya mwili. Kisha hupokea ishara zinazorudi na kuzigeuza kuwa picha. Mwaka 1977 Raymond Damadian na wenzake, nchini Marekani, walihitaji karibu saa 5 kupata picha moja ya kifua cha binadamu. Paul Lauterbur na Peter Mansfield, ambao utafiti wao uliwezesha kutengeneza picha kwa njia bora na ya haraka zaidi, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Siku hizi uchunguzi mzima wa tumbo waweza kukamilika katika dakika 30 hadi 45. Kasi imeongezeka sana, ila tatizo moja la asili halijaondoka: picha hizi hutengenezwa polepole, na mwili ulio hai hautulii.

Hapo ndipo kichwa na tumbo vinapoachana. Ubongo umefungwa ndani ya fuvu, na mgonjwa akitulia nao hutulia. Ini hupanda na kushuka kwa kila pumzi. Utumbo hujikunja na kujikunjua. Mshipa mkuu wa damu hupiga bila kupumzika, na gesi iliyomo katika puru huvuruga uga wa sumaku karibu kabisa na tezi dume au mlango wa kizazi. Mteknolojia aliyezoea kupiga picha za kichwa na uti wa mgongo, ambazo ndizo kazi za kila siku katika hospitali nyingi, asidhaniwe kuwa kwa sababu hiyo anaujua pia uchunguzi wa tumbo na nyonga. Hizo ni kazi mbili, japo mashine ni moja.

Mfano ulio karibu na maisha ya Watanzania ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini. Tangu mwaka 2018, Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Wanawake na Uzazi, FIGO, limeruhusu matokeo ya picha yatumike rasmi katika kupanga hatua ya ugonjwa huo. Mipaka inayoangaliwa ni midogo: uvimbe wenye upana wa chini ya sentimita 2, ule wa kati ya 2 na 4, na ule wa sentimita 4 au zaidi. Jambo lenye uzito mkubwa zaidi ni kama ugonjwa umevuka mlango wa kizazi na kuingia katika tishu zilizo kando yake. Iwapo haujavuka na uvimbe ni mdogo, mgonjwa anaweza kufikiriwa kwa upasuaji. Iwapo umevuka, njia inayofaa ni tiba ya mionzi pamoja na dawa.

Katika picha nzuri ya MRI, mlango wa kizazi huonekana ukiwa na pete nyeusi ya tishu imara kuuzunguka. Pete hiyo ikiwa nzima pande zote, daktari anaweza kusema kwa ujasiri mkubwa kwamba ugonjwa haujatoka nje. Lakini pete hiyo haionekani vema ila picha ikatwe mkingamo na mfereji wa mlango wa kizazi wa mgonjwa huyo huyo. Mlango wa kizazi haukai katika pembe moja kwa wanawake wote: kwa mmoja umeinama mbele, kwa mwingine nyuma, kwa wa tatu umesukumwa kando na uvimbe au kibofu kilichojaa. Hivyo mteknolojia hana budi kupiga kwanza picha za ubavuni, kuutambua mfereji, kisha kupanga vipande vipya kwa kuufuata. Akikata picha kwa pembe ya kawaida ya mwili, pete itaonekana imevunjika mahali ambapo ni nzima, au nzima mahali ambapo imevunjika. Mwanamke mmoja atanyimwa upasuaji uliomfaa. Mwingine atapasuliwa, kisha atahitaji mionzi juu ya jeraha lililokuwa halina haja. Kwa hiyo pembe inayopangwa katika sekunde chache na mtu asiyetajwa popote katika ripoti huweza kugeuza njia nzima ya matibabu.

Mfano wa pili ni ini. Saratani inayoanzia kwenye ini huwapata zaidi watu wenye homa ya ini aina ya B na wale ambao ini lao limesinyaa na kuwa na makovu. Ni miongoni mwa saratani chache ambazo kwa wagonjwa wa namna hiyo zinaweza kuthibitishwa kwa picha bila kukata kinyama, mradi picha ziwe zimepigwa kwa wakati wake. Dawa yenye gadolini hudungwa mshipani, kisha picha huchukuliwa kwa awamu. Ya kwanza, ya ateri, hufika takriban sekunde 35 baada ya kudunga; ya vena ya lango la ini takriban sekunde 70; na nyingine baada ya dakika kadhaa. Uvimbe wa saratani hii hung'aa katika awamu ya kwanza, kwa sababu hulishwa na ateri, kisha hufifia kuliko ini lililouzunguka.

Awamu ya ateri ni dirisha la sekunde chache tu. Mgonjwa asipobana pumzi vizuri, au picha ikaanza mapema mno, dirisha limefungwa, na dawa haiwezi kurudiwa papo hapo kama mtu anayejaribu kufuli kwa ufunguo mwingine. Mteknolojia aliyefundishwa kuhakiki hutazama mara moja: je, ateri ya ini imeng'aa? Vena ya lango imeanza kupokea dawa? Vena zinazotoka kwenye ini bado ni nyeusi? Majibu yote matatu yakiwa ndiyo, wakati ulikuwa sahihi. Ikiwa sivyo, huandika kasoro hiyo katika kumbukumbu, ili daktari asije akaandika kwamba hakuna uvimbe unaong'aa ilhali wakati wenyewe ndio uliokosewa.

Inafaa neno kuhakiki lieleweke, kwa maana limezua hofu miongoni mwa baadhi ya madaktari. Kuhakiki hapa si kutoa utambuzi wa ugonjwa wala kumwambia mgonjwa ana nini. Ni kujibu swali moja: je, picha hizi zinatosha kulijibu swali lililoandikwa na daktari katika fomu ya rufaa? Swali hilo lina vipengele vinavyoweza kufundishwa na kupimwa. Jina na upande wa mwili ni sahihi. Kiungo chote kimo ndani ya picha, hakikukatwa juu wala chini. Hakuna mikungu ya ukungu iliyoletwa na pumzi. Mafuta yaliyokusudiwa kufifishwa yamefifia sawasawa. Sehemu ya mwili iliyo nje ya picha haikujikunja na kuangukia juu ya kiungo kinachochunguzwa. Ramani ya kusambaa kwa maji ndani ya tishu imetengenezwa pamoja na picha zake, maana kinachong'aa katika picha peke yake chaweza kuwa maji tu na si uvimbe. Na mwisho, iwapo kuna jambo la hatari lililo dhahiri, kama vile damu inayovuja tumboni, mteknolojia anajua kumwita daktari kabla mgonjwa hajaondoka. Nchini Uingereza wateknolojia waliosoma zaidi huandika hata ripoti za aina fulani za picha. Hapa hakiombwi kiasi hicho. Kinachoombwa ni kwamba mtu aliye mbele ya skrini aelewe anachokiona.

Uhakiki huo huanza kabla ya picha ya kwanza. Mgonjwa wa kuchunguzwa ini au mirija ya nyongo hutakiwa awe amefunga kula kwa saa kadhaa. Zoezi la kubana pumzi hufanywa naye kabla hajaingia, kwa lugha anayoielewa, si kwa sauti iliyorekodiwa ambayo bibi kutoka kijijini huisikia kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya mtungi wenye kelele. Wengi hufaulu zaidi wakielekezwa kutoa pumzi kisha kutulia, kwa kuwa ini hurudi mahali pale pale kila mara. Jambo hilo hufundishwa kwa kukaa na wagonjwa, na hakuna kitabu kinachoweza kulichukua nafasi yake.

Usalama nao ni sehemu ya elimu hiyo hiyo. Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5, yaani, kwa hapa Afrika Mashariki, zaidi ya mara 30,000 ya nguvu ya usumaku wa dunia unaogeuza dira. Sumaku hizo hupozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, na huwa hai usiku na mchana, hata umeme ukikatika. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka 6 aliuawa na mtungi wa oksijeni uliovutwa na sumaku akiwa mezani. Mwaka 2018, jijini Mumbai, kijana aliyekuwa amemsindikiza jamaa yake alikufa baada ya kuingia chumbani na mtungi wa namna hiyo hiyo. Katika mikasa yote miwili mashine haikuwa na hitilafu. Kilichokosekana ni watu kulinda mlango.

Kulinda mlango katika mazingira ya hapa kuna maswali yake. Fundi wa kuchomelea vyuma aulizwe kama aliwahi kupatwa na chembe ya chuma jichoni. Mwenye hirizi iliyofungwa kwa kipande cha madini aombwe kuivua kwa heshima, faraghani, bila kudhihakiwa. Pini za ushungi, vibanio vya nywele bandia, sidiria yenye waya, simu na kadi za benki vibaki nje. Aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au klipu katika mshipa wa ubongo asiingie mpaka aina ya kifaa ijulikane. Mwenye figo zilizochoka sana achunguzwe kabla ya kupewa dawa yenye gadolini, kwani tangu mwaka 2006 imejulikana kwamba baadhi ya aina za dawa hiyo huweza kuwasababishia wagonjwa hao ugumu wa ngozi na wa viungo vya ndani. Nyaya zisilazwe juu ya ngozi tupu, wala mikono isipishanishwe kifuani, kwa maana mawimbi ya redio huunguza.

Zipo pingamizi, nazo zastahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya foleni: wagonjwa ni wengi, na kurudia picha huchelewesha wanaongoja. Kurudia mfululizo mmoja wa picha huchukua dakika 3 hadi 5. Kumwita tena mgonjwa aliyekwisha kurudi Kigoma au Mtwara humgharimu nauli, malazi, malipo ya kipimo na majuma ya ugonjwa unaosonga mbele. Nafasi atakayoichukua siku ya kurudi nayo itatoka katika foleni ile ile.

Ya pili husema programu mpya za kompyuta zitaifanya kazi hiyo. Ni kweli kwamba zinapunguza muda, zinasafisha picha, na nyingine hupendekeza hata pembe. Lakini programu haijui kwamba mgonjwa hakuelewa agizo, au kwamba daktari aliuliza kuhusu kongosho wakati fomu iliyoingizwa ilisema ini. Msaada wa kompyuta humfaa anayeweza kutambua pale ulipokosea.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: mteknolojia akishafundishwa huhamia hospitali binafsi au nje ya nchi. Hilo hutokea. Lakini dawa yake haiwezi kuwa kumwacha bila elimu ili asipate pa kwenda, kwani atakayebaki katika hali hiyo ni mtu asiyeweza kazi pamoja na mashine isiyofanyiwa kazi. Dawa ni kufundisha kikundi badala ya mtu mmoja kwa kila mashine, na kuutambua ujuzi huo katika muundo wa utumishi na katika mshahara.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mashine yenye nguvu ya wastani mikononi mwa mtu aliyefundishwa hutoa picha zinazotibu, na mashine ghali kuliko zote mikononi mwa asiyefundishwa hutoa karatasi. Kwa sababu hiyo gharama ya mafunzo iandikwe katika mkataba ule ule wa ununuzi, isiachwe kwa hisani ya baadaye. Siku chache za mwelekezi wa kampuni hutosha kumwonyesha mtu vitufe vilipo, lakini hazitoshi kumfundisha tumbo. Stashahada ya miaka 3 humpa mteknolojia msingi wa anatomia, fizikia na huduma kwa mgonjwa. Juu ya msingi huo yajengwe mafunzo ya MRI ya miezi kadhaa, yenye daftari la vipimo alivyovifanya kwa mkono wake chini ya usimamizi: ini, mirija ya nyongo, figo, tezi dume, puru, mlango wa kizazi. Nchini Marekani bodi ya ARRT huitahini MRI kama fani inayojitegemea, na mwombaji hutakiwa kuthibitisha vipimo alivyovifanya. Tanzania ina sheria ya mwaka 2007 inayosimamia taaluma za radiolojia pamoja na baraza lake. Hakuna kinachozuia utaratibu kama huo kuwekwa hapa.

Jambo la mwisho halihitaji fedha. Kila juma, mteknolojia na daktari bingwa wa radiolojia waketi pamoja kwa saa moja wazitazame picha zilizoshindwa. Daktari aeleze alikosa kuona nini. Mteknolojia aeleze kilichotokea chumbani. Idadi ya vipimo vilivyorudiwa na sababu zake iandikwe, bila kumsaka wa kulaumiwa. Mahali ambapo ripoti hutumwa kwa daktari aliye mji mwingine kupitia intaneti, kikao hicho kifanyike kwa simu. Mteknolojia asiyepata kamwe kusikia picha yake ilimfaa au haikumfaa mgonjwa, hana njia ya kujifunza, hata afanye kazi miaka ishirini.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Aseme kila chuma kilichomo mwilini mwake na kila upasuaji aliowahi kufanyiwa. Aseme akiwa mjamzito, akiwa na ugonjwa wa figo, au akiogopa mahali pafinyu. Aulize namna ya kubana pumzi, na aombe kufanya zoezi hilo kabla ya kuingia. Na pale mteknolojia anapomwambia kwamba picha moja inarudiwa, asidhani kwamba mashine imeharibika au kwamba ameonekana na ugonjwa mbaya. Mara nyingi maana yake ni kwamba nyuma ya kioo yupo mtu anayeijua kazi yake, ambaye amekataa kumwacha aende na jibu la kubahatisha.